Fundi wa Betri Asiachwe Peke Yake

Wakaazi wa Unguja hawajausahau mwaka 2008, pale njia ya umeme itokayo Bara ilipoharibika na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa takriban wiki nne. Wala hawajausahau mwezi wa Disemba 2009, giza lilipoingia tena na lisiondoke hadi Machi 2010. Ndugu zetu wa Pemba nao, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuanza kazi mwaka 2010, walikuwa wakitegemea majenereta ya Wesha, na wanajua vyema maana ya kukaa wakiusubiri umeme urudi. Siku zile aliyejiweza alinunua jenereta, na asiyejiweza alirejea kwenye kandili. Tangu hapo mtu wa visiwani amejifunza kuwa yafaa awe na akiba ya nuru yake mwenyewe, na akiba hiyo hivi leo inazidi kuwa betri.

Betri tunayoizungumzia hapa si ile ya gari, nzito na yenye maji ya tindikali. Ni betri ya lithiamu, nyepesi na yenye nguvu nyingi kwa umbo lake. Kwa kuwa ile iliyotoka kiwandani bei yake haishikiki kwa mtu wa kipato cha kawaida, mafundi wetu wameanza kuziunga wenyewe. Huchukua seli ndogo ndogo, ambazo wazee wangeziita mawe ya tochi, kila moja ikiwa na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Huzichopoa kutoka katika betri mbovu za kompyuta za mkononi na za baiskeli za umeme, wakazipima, wakaziunga kwa vipande vya nikeli, wakazitia ndani ya kibweta. Kibweta hicho ndicho kinachowasha taa katika nyumba isiyofikiwa na nguzo, ndicho kinachochaji simu, na ndicho kinachochukua nafasi ya karabai katika mashua za dagaa.

Twasema mapema kwamba hatukukusudia kuwakemea mafundi hawa. Kijana anayeweza kukitoa kitu cha manufaa katika takataka ya wengine ni wa kushukuriwa, na laiti skuli zetu zingetoa wengi wa namna hiyo. Lakini kazi hii ina hatari ambayo haikuwamo katika kutengeneza redio wala katika kufunga jenereta, na hatari hiyo haiungui vidole vya fundi peke yake. Inakwenda kulala na mteja nyumbani kwake. Kwa hiyo jambo hili si la fundi na mteja wake tu. Lawahusu pia wenye dhamana ya usalama wa raia, ambao mpaka sasa, kwa kadiri tunavyoona, wamelitazama kwa mbali.

Betri za lithiamu za kuchajiwa ziliingia sokoni mwaka 1991, zikitengenezwa na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka 2019 wataalamu watatu waliozivumbua na kuziendeleza, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia. Katika miaka yote hiyo tabia yao moja haikubadilika, nayo ni kwamba hazisamehi. Betri ya tindikali ikizidishiwa chaji hutokota, ikapunguza maji, na mwenyewe akaiongeza maji siku ya pili. Seli ya lithiamu ya aina ya kawaida inatakiwa ijae hadi volti 4.2 na isipindukie hapo. Na inapotumika isishuke chini ya volti 2.5 au 3, kutegemea ilivyotengenezwa. Baina ya mipaka hiyo ni mtumishi mwema. Nje yake ni kitu kingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, nacho ni usawa wa seli. Hivi karibuni tulikaa barazani kwa fundi mmoja ambaye hatutamtaja jina, kijana mwenye adabu na mikono mizuri. Alikuwa amemaliza kuunga betri ya mvuvi, yenye mafungu matatu ya seli yaliyofuatana mmoja baada ya mwingine. Akaweka mita yake mwanzo na mwisho wa betri, ikasoma volti 12.6. Akasema imejaa barabara, kwani tatu mara 4.2 ni 12.6. Tukamwomba apime kila fungu peke yake. La kwanza lilisoma 4.08. La pili lilisoma 4.08. La tatu lilisoma 4.44.

Hesabu ya jumla ilikuwa sahihi, na betri ilikuwa mbovu. Chaja haioni mafungu matatu. Inaona jumla tu. Fungu lililo dhaifu, lenye uwezo mdogo kuliko wenzake, hujaa kabla yao, na kwa kuwa jumla bado haijafika, chaja huendelea kulisukumia umeme. Hapo ndipo madini ya lithiamu yanapoanza kujikusanya ndani ya seli mahali yasipotakiwa, joto likapanda, na utando mwembamba wa plastiki unaozitenga pande mbili za seli ukakaribia kulainika. Utando huo ukishaachia, pande mbili hukutana, shoti hutokea ndani kwa ndani ambapo hakuna fyuzi wala swichi inayoweza kuifikia, na seli moja huiwasha ya jirani yake. Yote haya huweza kutokea ilhali mita ya mwenye nyumba ikimwambia kuwa mambo ni salama.

Upande wa pili wa ubaya huo huonekana betri inapotumika. Mvuvi anawasha taa yake usiku kucha, jumla imeshuka hadi volti 9.6, na yeye anaona bado ina uhai. Lakini huenda mafungu mawili yapo kwenye 3.7 na lile dhaifu limeburutwa hadi 2.2. Likirudiwa hivyo usiku baada ya usiku, shaba iliyomo ndani ya seli huanza kuyeyuka na kutanda pasipo mahali pake, na siku itakapochajiwa tena ndipo itakapojibu. Ndiyo maana seli iliyookotwa ikiwa imeshuka chini ya volti 2 haifai kufufuliwa, hata ikipokea chaji. Mafundi wengi hufurahi seli ya namna hiyo inapozinduka. Furaha hiyo ni ya hasara.

Kuzisawazisha seli, basi, si pambo la kazi. Ndiyo kazi yenyewe. Na huanza kabla ya kuungwa chochote. Kila seli hupimwa uwezo wake kwa kuijaza na kuimaliza mara moja kamili, kisha huandikwa nambari yake ubavuni. Huachwa wiki mbili baada ya kujazwa, na ile ambayo volti zake zimeanguka peke yake huwekwa kando, kwa kuwa ina uvujaji wa ndani. Ile inayopata moto wakati wa kuchajiwa huwekwa kando vilevile. Zinazobaki hugawanywa ili kila fungu liwe na uwezo unaolingana na wa mwenzake, na seli zinazounganishwa sambamba katika fungu moja ziwe na volti sawa kabla hazijagusana, ama sivyo iliyojaa itaimiminia isiyojaa umeme kwa kishindo. Kazi hii ni ya wiki tatu, na mteja anataka betri yake kesho. Hapa ndipo, kwa maoni yetu, penye chanzo cha ajali zaidi kuliko katika ujinga wa fundi.

Kuna kibao kidogo ambacho mafundi hukiita BMS, nacho huwekwa ndani ya betri ili kulichunga kila fungu na kukata umeme linapopindukia mpaka. Betri ya mafungu yaliyofuatana isiyo na kibao hicho isiuzwe, na anayeiuza asihesabiwe kuwa fundi. Hata hivyo watu wamekiwekea kibao hiki imani kubwa kuliko uwezo wake. Vipo vibao vya rahisi ambavyo hukata tu lakini havisawazishi. Na vile vinavyosawazisha, vingi hufanya hivyo kwa kulipunguza fungu lililojaa kwa mkondo mdogo mno, tuseme miliampea 50. Ikiwa mafungu yamepishana kwa ampea-saa moja, kibao hicho chahitaji saa 20 za kazi kuyarejesha sawa, na aghalabu hufanya kazi hiyo betri inapokaribia kujaa tu. Ikiwa yamepishana kwa tano, ni saa 100. Kibao hulinda usawa uliokwishapatikana. Hakiwezi kuifanya seli iliyochoka iwe kijana. Aidha nyaya zake nyembamba zina mpangilio wake, na kila mmoja sharti upimwe kabla ya kuchomekwa, kwani ukikosewa mmoja kibao huungua pale pale au, ubaya zaidi, hubaki kimeharibika pasi na mtu kujua.

Liko na kosa jingine ambalo twaliona likienea, nalo latokana na jina. Watu husema betri ya volti 12. Zipo za namna mbili. Moja ni ya seli tatu za aina tuliyoieleza, na nyingine ni ya seli nne za lithiamu yenye chuma na fosfati, ambayo kila seli yake hujaa kwenye volti 3.65. Zote mbili mteja huambiwa ni za volti 12, kisha akaenda nazo nyumbani akazifunga kwenye chaja yake ya zamani ya betri ya tindikali, inayopandisha hadi volti 14.4. Kwa ile ya seli nne hiyo ni volti 3.6 kwa kila seli, na haina neno maadamu chaja haina desturi ya kupandisha zaidi. Kwa ile ya seli tatu ni volti 4.8 kwa kila seli, na hapo uhai wa watu wa nyumba ile umeachwa mikononi mwa kibao kimoja cha bei rahisi. Ile ya chuma na fosfati ni tulivu zaidi katika joto, na laiti tungeulizwa tungependekeza iwe ndiyo ya majumbani na ya mashua, ijapokuwa nayo si malaika: ikiharibiwa hutoa gesi inayoshika moto.

Visiwani tuna adui wa ziada, naye ni chumvi. Vipande vinavyotumika kuungia seli vinatakiwa viwe nikeli tupu, lakini vingi viuzwavyo ni chuma kilichopakwa nikeli juu, na kwa macho havitofautiani. Hewa yetu hukila chuma hicho kwa muda mfupi. Maungio hushika kutu, hupata moto, na fungu moja likaanza kuachana na wenzake hata kama lilianza likiwa sawa. Jaribio lake ni jepesi: kikwaruze kipande kwa msumari, kitie ndani ya kikombe cha maji ya bahari, kilaze usiku mmoja au miwili. Kikitoa kutu ni chuma. Maji ya bahari tunayo bila ya ushuru, na hatuoni sababu ya fundi kukosa kufanya hivyo. Na betri iliyozama au kuingiwa na maji ya chumvi isikaushwe juani ikarudishwa kazini. Mwaka 2022, baada ya kimbunga Ian kulipiga jimbo la Florida nchini Marekani, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yalishika moto siku kadhaa baadaye yakiwa yamesimama tu. Ikiwa gari la kiwanda kikubwa lilifanywa hivyo na chumvi, kibweta cha mbao kilichozibwa kwa gundi kitasemaje?

Pengine atatokea afisa wa kusema: basi na yapigwe marufuku. Twamwomba atazame mfano wa New York. Mwaka 2023 mji ule ulipata mioto 268 iliyosababishwa na betri za lithiamu, watu 18 wakafa na 150 wakajeruhiwa. Mwaka huohuo mji ukatunga sheria inayozuia betri kuundwa kwa seli zilizotolewa katika betri kuukuu. Hatuilaumu sheria hiyo. Penye maghorofa yenye ngazi moja na mamia ya watu juu yake, huenda mtu asione njia nyingine. Lakini amri kama hiyo hapa kwetu ingefanya nini? Mvuvi hangeacha kwenda na taa. Fundi angeiacha baraza akahamia chumba cha ndani, penye godoro na watoto, akafanya yaleyale kwa siri na kwa haraka zaidi, na seli alizozikataa angezitupa shimoni usiku badala ya kuzipeleka mahali. Marufuku ni rahisi kuandika. Hatari ingebaki pale pale, isipokuwa isingeonekana tena.

Tunalolitaka ni kinyume cha hilo: kazi hii itolewe uwanjani na ipewe bwana wa kuiangalia. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo vyake Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, na umeme hufundishwa. Somo la kuchagua na kusawazisha seli laweza kuwekwa humo, la wiki chache, na fundi aliyefuzu apewe cheti cha kutundika ukutani ili mteja ajue anampa nani fedha zake. Kule Kinyasini kina mama wa vijijini wamefundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua, baadhi yao wakiwa hawakusoma sana skuli, nao wameweza. Basi haitakiwi mtu kutuambia kuwa jambo hili ni gumu mno kwa watu wetu. Taasisi ya Viwango nayo izikague seli mpya na vibao vinavyoingia bandarini, kwa kuwa seli yenye karatasi ya uongo juu yake humpoteza hata fundi mwaminifu. Na seli zilizokufa ziwekewe mahali pa kukusanywa, zikiwa zimezibwa ncha zake kwa utepe, badala ya kuchanganywa na taka za jikoni na kushika moto jaani.

Kikosi cha Zimamoto na Uokozi nacho kina neno la kuwaambia wananchi, na tungependa walisikie kabla ya siku ya haja. Moto wa betri hizi hujitafutia sehemu ya hewa yake ndani ya seli zenyewe, hivyo kuufunika kwa mchanga au blanketi hakuutoshi. Kinachousaidia ni maji, mengi na kwa muda mrefu, ili kulipoza lundo zima lisiendelee kuambukizana. Moshi wake ni sumu. Mtu asibaki ndani akijaribu kuokoa kabati. Katika Mji Mkongwe, ambako dari ni za boriti na vichochoro havipitishi gari la zimamoto, na katika vijiji vyenye nyumba za makuti, hakuna dakika ya kupoteza. Kwa sababu hiyo betri isichajiwe karibu na mlango ambao ndio wa kutokea, wala chini ya kitanda, wala watu wakiwa wamelala, wala chini ya bati linalochomwa na jua la mchana. Twajua kuwa wengi huchaji usiku kwa kuwa ndipo wanapokuwa nyumbani. Hata hivyo twawasihi.

Juu ya vyombo vya abiria tutasema kidogo. Sisi tuliowazika watu wetu wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka 2012 hatuhitaji kufundishwa thamani ya tahadhari baharini. Zile hazikuwa ajali za moto. Lakini abiria anayepanda na betri ya kuungwa ndani ya kikapu, nguo juu na nguo chini, haulizwi kitu na mtu yeyote, na angepaswa kuulizwa. Ndege hazikubali betri za akiba za lithiamu katika mizigo ya chini. Hutaka ziwe mkononi mwa mwenyewe, mahali zinapoonekana. Wakuu wa bandari na wenye meli wangeweza kuiga angalau hilo, bila ya kusubiri sheria mpya.

Lakini jambo la kwanza, na ambalo lingegharimu kidogo kuliko yote, ni meza ya kupimia. Iwepo meza moja katika kila diko kubwa, yenye mita ya uhakika, chaja ya kupimia uwezo, na mtu anayejua, ambapo mvuvi ataweka betri yake ipimwe fungu kwa fungu, bure, bila ya kuulizwa aliinunua wapi wala nani aliiunga. Akiambiwa fungu la tatu limezidi, airudishe kwa fundi wake. Akitishwa kukamatwa, hataileta.

Na meza hiyo ifuate kalenda ya wavuvi, siyo ya maofisi. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mashua hupumzika. Siku hizo za mapumziko ndizo za kupima. Yule fundi tuliyekaa barazani kwake alilifungua lile fungu la volti 4.44 mbele yetu, akakuta seli moja imechoka, na akamwambia mwenyewe: “Ami, niachie mpaka wiki ijayo.” Mzee yule alimtazama, akatazama juu. Ilikuwa usiku wa kwanza wa giza, na mashua yake ilikuwa na watu wanane wanaosubiri. Aliondoka bila ya betri, akaenda kuazima karabai, na hatudhani kuwa wote walioko katika hali yake wangefanya hivyo.